Kiunzi Kilichoanguka

Restituta Margwe hakuwa na viatu vya misumari mpaka alipotimiza miaka ishirini. Hakuwa na kiwanja cha kukimbilia ila uwanja wa gwaride wa shule, wenye mteremko upande wa jikoni. Hakuwa na mtu wa kumkanda misuli. Hakuwa hata na kiunzi kimoja cha kuruka kilichotoka dukani. Na zaidi ya yote hakuwa na utulivu: ukimkalisha kitini, goti lake lilicheza kama la fundi anayekanyaga cherehani.

Lakini ndiye aliyetuachia methali mliyoisikia jana, mkanifuata kuuliza imetoka wapi: Kilichoanguka kimekwisha, chako ni kilichosimama. Wako wanaosema ni ya waashi. Si kweli. Mimi ni baba yake mdogo, habari hii nimeipata kinywani mwake, na asili yake ni hii.

Kule shuleni Mbulu, Mwalimu Eulalia alitengeneza viunzi kwa fito za mkaratusi zilizofungwa kwa kamba ya katani. Vilitosha safu moja tu, kwa hiyo wasichana walikimbia kwa zamu, mmoja nyuma ya mwingine. Siku moja msichana aliangusha kiunzi akaenda zake. Aliyemfuata alinasa mguu kwenye fito, akavunjika muundi. Tangu hapo mwalimu akaweka sheria: anayeangusha kiunzi ageuke, akisimamishe, ndipo aendelee. Ilikuwa sheria nzuri, nayo iliokoa miguu mingi. Restituta aliishi nayo miaka yake yote ya shule, ikamwingia mwilini kama mkono unavyojua njia ya kinywani.

Katika mashindano ya mkoa na ya taifa hakuwahi kuangusha hata kimoja. Hakuwapo wa kumkimbiza, basi aliruka juu, kwa nafasi yake. Hatari ilikuwa imelala ndani yake na hakuna aliyeijua.

Akachaguliwa kwenda ng'ambo, Mwalimu Eulalia akiwa kocha wake, kwenye mashindano ya kimataifa, mbio za viunzi za mita mia nne kwa wanawake. Chama cha riadha kilikubali kwa shingo upande. Mkuu wa msafara, Bwana Shekiondo, alimwambia Mwalimu Eulalia mlangoni mwa uwanja:

"Mwalimu, tuelewane mapema. Asipovuka mchujo, viunzi vya wanawake tunavifuta. Nafasi hiyo mwakani tutampa mtupa mkuki."

Mwalimu aliwawaza wasichana aliowaacha nyumbani wakiruka fito. Restituta, aliyekuwa hatua chache nyuma yao, alisikia kila neno. Asubuhi ya mbio hakuweza kunywa hata chai. Alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena.

Bunduki ilipolia, aliondoka vizuri. Kiunzi cha kwanza akakivuka, cha pili akakivuka. Lakini kulia kwake palikuwa na msichana mwenye mbio za swala, na Restituta hakuzoea kuona mgongo wa mtu. Akaharakisha, hatua zikamchanganya, goti likagonga kiunzi cha tatu. Kikaenda chini, pwaa!

Restituta akasimama. Akageuka, akarudi, akainama, akakiinua kiunzi kwa mikono miwili, akahakikisha kimesimama sawasawa. Ndipo akaendelea. Uwanja mzima ukacheka. Alifika wa mwisho, peke yake, wenzake wakiwa wameshaanza kuvaa makoti.

"Huyu umemleta kukimbia au kupanga viti ukumbini?" Bwana Shekiondo aliuliza.

Sasa, mashindano yale yalikuwa na utaratibu wa kuwapa walioshindwa mbio moja zaidi siku ya pili yake. Wawili wa mbele wangeingia nusu fainali. Mwalimu Eulalia akamchukua Restituta mpaka kiwanja kidogo cha mazoezi. Msichana alizunguka pale kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Kaa chini, mwanangu."

"Siwezi kukaa, Mwalimu."

"Basi zunguka, lakini nijibu. Ulirudi kufanya nini?"

"Kukisimamisha."

"Kwa ajili ya nani?"

"Anayekuja nyuma."

"Nani alikuwa anakuja nyuma yako, Resti?"

Restituta akaacha kuzunguka. Kisha akasema polepole, "Hakuna. Kila mtu alikuwa na njia yake."

"Na mashindanoni kuangusha si kosa. Ulikuwa hujui?"

"Kichwa kinajua, Mwalimu. Miguu ndiyo haijaambiwa."

Mwalimu akacheka bila kutaka. Akavuta kiunzi, akakiweka mbele yake. "Basi tuiambie. Kiangushe."

"Mwalimu!"

"Kiangushe, uende zako."

Restituta akakipiga teke. Kikaanguka, na papo hapo bega lake likageuka kurudi. Mwalimu akamshika bega hilo. "Kilichoanguka kimekwisha. Chako ni kipi?"

Restituta akatazama mbele, kwenye kiunzi kilichofuata. "Kilichosimama."

"Tena!"

Wakarudia, na kurudia. Mwalimu anaanza, mwanafunzi anamalizia, viunzi vinaanguka pwaa, pwaa, mpaka mlinzi wa kiwanja akaja mbio akidhani wanaharibu vifaa.

Siku ya mbio ya pili, Restituta alivuka viunzi vitano bila kugusa. Cha sita akakigonga. Anasema alihisi bega likianza kugeuka lenyewe, kama limevutwa kwa kamba. Akapaza sauti: "Chako ni kilichosimama!" Bega likarudi. Cha saba akakivuka, na cha nane, na cha tisa. Cha kumi akakiangusha pia, wala hakujua kimeangukia wapi. Alijitupa mstarini kifua mbele, akawa wa pili kwa upana wa kiganja. Msichana wa njia ya jirani alimwuliza ile ilikuwa sala ya dini gani.

"Ameangusha viwili," Bwana Shekiondo alisema.

"Na amevuka mchujo, mzee wangu," akajibu Mwalimu Eulalia.

Mkuu wa msafara akajikuna shingo, akatazama ubao wa majina, akautazama tena. "Haya. Viunzi vya wanawake vinabaki."

Katika nusu fainali Restituta alikuwa wa mwisho, siwafichi. Lakini hilo halikumkosesha raha. Kilichomkosesha raha ni wadogo zake wa shuleni kule Mbulu, ambao mashindano ya kanda yalikuwa yanawakaribia, na sheria ileile imelala miguuni mwao. Akaomba karatasi na bahasha, akaandika amesimama wima kwenye kaunta ya hoteli, goti likicheza:

"Wadogo zangu wapenzi, salamu. Mazoezini endeleeni kuinua, maana nyuma yenu yupo mtu. Mashindanoni msigeuke. Hata kama uwanja mzima unawatazama, msigeuke. Kilichoanguka kimekwisha, chako ni kilichosimama."

Mwalimu Eulalia akaisoma, akaweka sahihi yake chini ya ile ya mwanafunzi wake. Restituta akailamba bahasha, akaigandamiza kwa kiganja, akatoka mbio kuiwahi posta kabla haijafungwa, akaitumbukiza.