Ua la Bi Pimbi na Lango la Kifaru

Kale hiyo, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na nyua kama zetu, aliishi Bi Pimbi. Mdogo wa umbo, hana hata mkia, lakini akipita njiani ungedhani ni malkia anakwenda barazani.

Na kwa nini asiringe? Kwenye ukuta wa nyumba yake ya mawe ulitambaa mmea mwembamba kama uzi, wenye maua ya zambarau, makubwa kama visahani vya kahawa. Mbegu yake aliachiwa na marehemu mama yake. Miaka miwili ya kwanza haukutoa hata ua moja, majirani wakamcheka. Mwaka wa tatu, lo! Ukuta mzima ukageuka zambarau, wakanyamaza.

"Karibuni mtazame!" Bi Pimbi aliwaambia wapita njia. "Miguu yake iko kivulini, kichwa chake kiko juani. Hivyo ndivyo apendavyo huyu binti yangu!"

Asubuhi moja ardhi ikatetemeka. Di! Di! Di! Kumbe ni Bwana Kifaru, na nyuma yake shemeji yake, Nyati.

"Bi Pimbi," Kifaru akasema, "binti yangu anaolewa. Nataka mmea huu utambae langoni kwangu."

"Hongera sana, Bwana Kifaru! Nitakupa mbegu, nije nikuonyeshe namna ya kupanda."

"Mbegu? Harusi ingoje mbegu? Shemeji, ng'oa!"

"Taratibu! Shina lake ni dhaifu, litavunj…"

Kwaaa! Nyati alikwishatia pembe chini ya mizizi. Akaunyanyua mmea mzima na bonge la udongo, wakaenda zao.

Bi Pimbi akabaki ukingoni mwa shimo. Alilia, wanangu, alilia mpaka jirani yake Mama Kanga akaja kumshika bega.

"Pole, shoga yangu. Ndiyo basi tena."

"Siyo basi," akasema Bi Pimbi akijifuta machozi. "Kubeba wanajua. Kulea hawajui. Wataniita wenyewe."

Na kweli. Kifaru aliupanda langoni, juani kabisa, akaukanyaga udongo kwa miguu yake minne mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Siku ya tatu majani yakalegea. Siku ya nne yakawa meusi. Siku ya tano Bi Pimbi akaitwa.

"Umeuroga!" Kifaru akafoka. "Uponye, la sivyo naibomoa nyumba yako jiwe kwa jiwe!"

 Bi Pimbi aliinama, akakwaruza shina kwa jino lake, karibu kabisa na udongo. Ndani palikuwa kijani kibichi! Moyo ukamruka, paa! Lakini uso akaukunja kama aliyefiwa.

"Dawa ipo, Bwana. Sijui kama utaiweza."

"Mimi? Nisiweze mimi? Sema!"

"Kwanza niukate. Pili, mizizi imwagiwe maji kidogo kidogo kila asubuhi. Tatu, ipate kivuli. Hapa langoni hakuna kivuli, labda asimame mtu mwenye mwili mkubwa. Mwisho, tungoje."

"Mwenye mwili mkubwa ni mimi," Kifaru akasema, kifua mbele.

Kacha! Kacha! Bi Pimbi akakata, akakata, hata kikabaki kijiti kifupi, usawa wa masikio yake.

"Hii ndiyo dawa?" Nyati akashangaa.

"Ndiyo hii. Haya, Bwana Kifaru, simama."

Kifaru akasimama. Jua likampiga utosini, nzi wakamwingia masikioni. Wapita njia wakaanza kukusanyika.

"Bwana Kifaru, unalinda nini?"

"Mmea wangu."

"Upi? Hicho kijiti?"

"Kekekeke!" Mama Kanga akacheka mpaka akapigapiga mabawa.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu Kifaru akapasuka. "Basi! Kimekufa hiki! Mnanifanya kichekesho mbele ya wakwe!"

"Kama umekichoka, Bwana," Bi Pimbi akasema kwa sauti ya chini, "niruhusu nikakizike kwangu. Ila sema mbele ya hawa, nisije nikaitwa mwizi."

"Kichukue! Ni chako, wewe na wajukuu zako! Wote mmesikia?"

"Tumesikia!" umati ukaitikia.

Bi Pimbi alichimba polepole, akakifungia kijiti na udongo wake katika jani la mgomba, akakibeba kama mtoto mchanga. Nyumbani alikipanda ndani zaidi kuliko mwanzo, akapanga mawe bapa juu ya mizizi, akasimika fito nyembamba ukutani. Kila asubuhi maji kidogo. Kila siku akingoja.

Mvua zikanyesha. Chipukizi moja, chipukizi mbili, halafu zikawa hazihesabiki! Msimu uliofuata maua yalifunika ukuta, yakapanda mpaka juu ya paa.

Di! Di! Di! Kifaru huyo.

"Pimbi! Ulijua hakijafa!"

"Nilijua. Na dawa nilikutajia yote, Bwana. Nilisema tungoje. Nani hakungoja?"

"Nitakichukua!"

"Kichukue," akasema Bi Pimbi, amesimama wima mlangoni, kidevu juu. "Kisha usimame tena juani kukifanyia kivuli. Watu watakuja kutazama."

Kifaru akatazama kulia, majirani. Akatazama kushoto, majirani. Akageuka, akaenda zake.

Bi Pimbi akachukua ndoo yake, akaenda kumwagilia, akiringa kuliko siku zote.

Basi wanangu, kitu hakiwi chako kwa kukibeba. Huwa chako kwa kukilea.