Blanketi la Enea Tweve

"Anayetangaza baridi na atoe blanketi lake."

Maneno hayo aliyasema Veneranda, ghalani, vijana wa kwaya walipokuwa wakichagua mbegu za viazi za kanisa. Aliyelengwa ni Amosi, kiongozi wao, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiwahimiza wenzake waje na majembe Jumamosi kuzibua mfereji, na jembe lake mwenyewe halina mpini tangu Pasaka. Wote wakacheka isipokuwa Obedi, aliyehamia Ihelanga mwaka huo.

"Blanketi gani tena?" akauliza.

Bibi Tulizo Tweve alikuwa ameketi juu ya gunia, akikata macho ya viazi kwa kisu kidogo.

"Hilo blanketi mimi nimelilalia," akasema. "Lilikuwa la wazazi wangu. Endeleeni kuchagua, mikono isisimame, nami nitawaambia. Neno hilo lilizaliwa hapahapa kijijini, kwa kosa la baba yangu, Enea. Na lilizaliwa hivi."

Enea Tweve alikalia benchi la shule akiwa na miaka hamsini na sita. Mchana alilima, jioni alienda kwenye kisomo cha watu wazima pamoja na wenzake kumi na wawili. Neno la kwanza aliloandika lilikuwa "Mungu", la pili jina lake. Habari ya kwanza aliyoisoma peke yake, kidole kikifuata mstari, ilikuwa ya Nuhu na safina. Ilimchukua wiki mbili. Alipomaliza alipiga magoti palepale kwenye vumbi la darasa akashukuru, na hakuna aliyemcheka.

Ili wanafunzi wake wapate kitu cha kuandika kila siku, mwalimu Salome alileta kipimajoto na kipima mvua, akavisimika nyuma ya darasa. Kwa wengi lilikuwa somo tu. Kwa watu watatu likawa kama ugonjwa. Wa kwanza alikuwa Enea. Wa pili alikuwa Yeremia Mbilinyi, mpasua mbao, mtu wa mizaha. Wa tatu alikuwa Atukuzwe Sanga, fundi cherehani. Wakajiita Wapimaji. Kila jioni kengele ya kanisa ilipolia, watatu hao walikuwa wameinamia kipimajoto kama watu wanaomtazama mtoto mchanga. Enea aliandika namba, upepo na wingu katika daftari lake, na chini yake kila siku aliongeza, "Asante Bwana."

Mwaka wa tatu, mwezi wa sita ulipoingia, namba zilianza kushuka. Ijumaa jioni nyuzi kumi. Jumamosi saba. Jumapili asubuhi nne.

Baridi si mgeni Ihelanga. Sisi tuko juu, jirani na uwanda wa Kitulo, na maji ya ndoo kuganda alfajiri si habari ya kusimulia. Lakini theluji, ile inayodondoka kutoka juu, watu waliijua kwa kusikia tu. Enea naye hakuwahi kuiona. Ila alikuwa na daftari la miaka mitatu, na daftari lilimwambia jambo: baridi haijawahi kushuka hivyo huku upepo ukinukia mvua.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, aliomba nafasi akasimama mbele, akasalimu kwa kikwetu.

"Ndugu zangu, kamwene. Kabla ya keshokutwa theluji itaanguka hapa. Nawasihi, funikeni viazi vya vinyungu."

Vinyungu ni yale matuta ya bondeni tunayolima kiangazi, mahali penye unyevu. Mwaka ule ugonjwa wa majani ulikuwa umemaliza viazi vyote vya juu. Vilivyobaki bondeni ndivyo vilivyokuwa mbegu ya kijiji kizima. Vikifa hivyo, mwezi wa kumi na moja hakuna kaya ambayo ingekuwa na cha kupanda. Kila aliyekuwa kanisani alilijua hilo. Wakaitika "Amina", wakatoka, wakaenda kula.

Jumatatu saa sita mchana wingu likatokea upande wa Kitulo. Lilikuwa zito, la rangi ya risasi, na tumbo lake liligusa vilima. Wapimaji walikutana kwenye baraza ya shule, na Enea hakuweza kusimama mahali pamoja.

"Mnaliona? Mnaliona lile?" alisema. "Miaka mitatu nimeandika. Baridi kali ikija kwetu, anga huwa tupu. Wingu likija, baridi hulegea. Havijawahi kuja pamoja. Leo vinakuja vimeshikana mikono, kama bwana na bibi harusi!"

"Basi leo tunakula pilau," Yeremia akasema.

"Acha utani, baba! Kipimajoto kinasema ngapi?"

Atukuzwe alikuwa ameinama. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamemtoka. "Tatu. Mchana huu, mzee Enea. Tatu!"

Walishikana mabega wakarukaruka, watu wazima watatu, mmoja akiwa na mvi kichwani. Kisha wakaingia darasani, na kila mmoja akaandika ubaoni kimo cha theluji itakayolala chini. Yeremia aliandika kidole kimoja. Atukuzwe aliandika vidole vitatu. Enea aliandika kiganja kizima, akapigia mstari.

"Kiganja?" Yeremia akasema. "Mzee, unataka kutuzika."

"Tutaona nani atazikwa."

Kushindana kukahitaji kipimo. Yeremia akakimbilia karakana yake, akaranda fimbo ya mti wa msindano ikawa laini kama mwiko. Atukuzwe akaichoma alama kwa waya wa moto, moja baada ya nyingine, kwa umbali sawasawa. Wakalaza ubao mpana katikati ya uwanja wa shule ili theluji iutandaze mwili wake mahali safi, wakauzungushia miiba mbuzi wasiukanyage. Enea aliufagia ubao ule, akarudi akaufagia tena. Kazi hiyo iliwala mpaka saa tisa alasiri, na hawakuiona saa ikipita.

Ndipo Enea akashuka kijijini kuwakumbusha watu. Alishangaa. Hakuna aliyekata majani. Wanaume walikuwa wakiota moto, wanawake wakipukuchua mahindi. Kila alikopita alisema "Wingu hilo!", nao wakamjibu kwa upole, "Tunaliona, baba Enea. Bwana atatusaidia."

Nyumba ya mwisho kabla ya bonde ilikuwa ya bibi Fungo, mjane aliyewahi kuwa mkunga, mwenye ulimi ambao hata mchungaji aliuogopa. Alikuwa mlangoni amejifunga shuka mbili.

"Bibi, hujafunika viazi?" Enea akamwambia. "Theluji inafika!"

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema. Kanisani, jana."

"Nilikusikia. Nikarudi hapa nikakaa nakungoja. Kinyungu chako na changu vimepakana, si ndiyo? Nikasema, nitakapomwona Enea anafunika, nami nitafunika. Nimekaa tangu jana mpaka kitako kimeota mizizi. Hebu niambie, baba, theluji yako mbona imepewa njia ya kila shamba isipokuwa la kwako?"

Enea akageuka kutazama bondeni. Viazi vyake vilikuwa wazi, majani mabichi, na maua meupe yakitikisika kwa upepo. Hakuwa ameweka hata kicha kimoja cha nyasi.

"Tulikuwa tunaandaa kipimo," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimesikia. Theluji mmeitandikia ubao. Viazi mmevitandikia nini?"

Enea aliyatazama tena majani yale. Alitaka kuomba, kama alivyozoea kila alipokwama, na maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini kilichomjia kilikuwa ile habari ya kwanza aliyoisoma kwa kidole chake mwenyewe. Alikumbuka miti, na lami, na vyumba vya safina. Nuhu hakuchonga fimbo ya kupimia maji.

"Bwana, nisamehe," akasema, na tayari alikuwa anakimbia.

Mkewe, ndiye mama yangu, alikuwa jikoni. Alimwona mumewe akipita bila kusalimu, akiingia chumbani, akitoka amekumbatia blanketi. Lilikuwa blanketi jekundu lenye mistari myeusi, zito, ambalo mama mkubwa wa Enea aliwapa siku ya arusi. Lilikuwa blanketi pekee la nyumba ile. Watoto walilalia upande mmoja, wazazi upande mwingine.

"Baba Tulizo! Unalipeleka wapi?"

"Kwenye kinyungu."

Mkewe akakitazama kipande cha anga kilichoonekana mlangoni. "Sasa usiku watoto watajifunika nini?"

Enea akasimama. Hilo ndilo swali ambalo daftari halikuwa na namba yake. "Watalala hapa jikoni, tukeshe tunachochea moto," akasema. "Mke wangu, kama nimekosea, tutapata baridi usiku mmoja. Kama nimepatia na nikanyamaza na blanketi langu kitandani, tutalala njaa mwaka mzima. Nami naamini nimepatia."

Mama Tulizo akaipua chungu. "Tangu jana nilikuwa nangoja nione kama unaamini," akasema. Akachukua mundu na kamba.

Wakashuka wote, yeye na mkewe na watoto, mimi nikiwa na miaka tisa na nimebeba mzigo wa nyasi mkubwa kuliko kichwa changu. Blanketi jekundu lilitandazwa juu ya matuta yaliyo kwenye mwinuko, mahali pa kuonekana na kila mtu. Na kweli likaonekana. Bibi Fungo alilitazama bila kupepesa. Akaingia ndani, akatoka na shuka zake zote mbili.

"Jamani!" akapaza sauti, ile sauti ya mkunga anayeita maji ya moto. "Enea katoa blanketi la arusi! Huyu sasa hatanii!"

Bonde likajaa watu. Waliokuwa wanaota moto walikuja na mabua ya ngano kutoka kwenye mapaa ya mabanda. Atukuzwe alileta vitambaa vya wateja wake, akiapa kuvifua mwenyewe. Watoto walikata nyasi wakiimba. Upepo ulikuwa unauma masikio na wingu limeshafika juu ya vichwa vyao, lakini kulikuwa na vicheko bondeni kama siku ya mavuno. Upepo ulipotishia kulibeba blanketi la Enea, Yeremia alipanda mbio mpaka shuleni, akarudi amebeba ule ubao mpana na ile fimbo ya alama. Akaulaza ubao juu ya pindo moja na kukazia fimbo kwenye pindo lingine.

"Kipimo chetu!" Enea akasema.

"Kinapima blanketi lako lisiruke," Yeremia akajibu. "Shika hapo."

Giza lilipoingia matuta manne ya Enea yalikuwa bado wazi. Aliyaacha, akaenda kuwasaidia wengine, kwa sababu yeye ndiye aliyewachelewesha.

Alfajiri Enea alifungua mlango, na dunia haikuwa ile aliyoiacha. Paa la kanisa lilikuwa jeupe. Njia ilikuwa nyeupe. Vipande vidogo vilikuwa vinashuka bila sauti, vikitua mikononi mwake na kuyeyuka. Kutoka kila nyumba watu walitoka wakipiga vigelegele, watoto wakilamba mikono, na bibi Fungo akasikika akisema, "Kumbe ni hii tu? Haina hata chumvi!"

Theluji ile iliyeyuka kabla ya saa nne. Walipofunua vinyungu, majani chini ya nyasi na shuka yalikuwa hai. Matuta manne ya Enea yalikuwa meusi, yamelala kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Hakuyaonea uchungu. Alisema hayo ndiyo ada yake ya shule.

Na ule ushindani wa ubaoni? Hakuna aliyeshinda, maana ubao na fimbo vilikuwa bondeni vimekalia blanketi. Mpaka leo hatujui kama ilikuwa kidole au kiganja. Daftari la baba ninalo. Siku ile ameandika mstari mmoja kwa mwandiko wake mkubwa: "Theluji. Haikupimwa. Viazi vipo. Asante Bwana."

Bibi Tulizo akaweka kisu chini. Akainua kiazi kimoja akakipuliza vumbi.

"Na hivi mnavyochagua," akasema, "ni wajukuu wa vile."

Obedi alikitazama kiazi kilichokuwa mkononi mwake, kisha akamtazama Amosi. Ghala zima likamtazama Amosi. Yule kijana akasimama, akajipangusa udongo kwenye suruali, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi, kiongozi?" Veneranda akamwita.

"Kutafuta mpini."

Wakacheka, naye akacheka, na bibi Tulizo akakisema kile ambacho sasa hata Obedi hakuhitaji kufafanuliwa:

"Anayetangaza baridi na atoe blanketi lake."