Programu Iliyosingiziwa Kirusi

Tegeni masikio, kisha mniamulie.

Palikuwa na wanawake watatu wa Pangani waliotarizi nguo za harusi kwa mashine inayoendeshwa na kompyuta. Riziki hakuwa mtu wa kutupa kitu. Mwenzake, Sikudhani, hakuamini neno mpaka aulize mara mbili. Chausiku, mwenye duka, alijaliwa mdomo: mteja aliyeingia na hasira alitoka anacheka.

Asubuhi moja, gauni la bibi harusi likiwa limetariziwa upande mmoja tu, na harusi ni kesho, kompyuta ilitoa onyo: programu ya kutarizi ina kirusi. Mashine ikasimama. Chausiku akashikwa na woga, akaifuta programu. Kisha, mbele ya wateja, akamgeukia Riziki.

"Hiyo flashi yako ya taarabu unayoichomeka humu ndiyo iliyotuletea maradhi."

Riziki alichukua mkoba wake akaenda zake nyumbani.

Sikudhani ndiye aliyekaa kwenye kompyuta. "Dada, antivirusi, hii programu ya kukamata virusi, imejisasisha leo. Jana programu hiihii haikuwa na neno. Tumuulize aliyeitengeneza kabla ya kumtwisha mtu lawama." Akampigia simu fundi huyo, naye akasema wengi wameshamlalamikia: antivirusi imekosea, programu ni safi. Ila programu ya mashine kuukuu kama yao hakuwa nayo tena. Bila Sikudhani, wangeendelea kukimbia kirusi kisichokuwepo.

Riziki ndiye aliyekuwa nayo, Sikudhani akakumbuka. Aliinakili programu wakati mashine ilipokuwa mpya, kwenye flashi ileile. Bila Riziki, ukweli peke yake usingetarizi hata ua moja.

Nani sasa wa kwenda kuiomba?

Chausiku alikwenda mwenyewe, mdomo umemkauka. Alimkuta Riziki barazani anasuka ukili wa mkeka na majirani. Angeweza kumwita pembeni. Hakumwita. Alikuwa amemwaibisha mbele za watu, na radhi akaiomba mbele za watu.

"Nimekusingizia, Riziki. Kosa ni langu."

"Asubuhi nilikuwa maradhi," Riziki akasema, na majirani wakacheka. "Sasa nimekuwa dawa?"

Riziki akaingia ndani, akatoka na flashi. "Ungemtuma mtu, nisingeitoa."

Sikudhani aliikagua programu kwa antivirusi nyingine mbili, zote zikaipitisha. Akaiamuru antivirusi yao iiruhusu hiyo tu, bila kuizima. Gauni likaisha.

Mama wa bibi harusi akaleta doti ya kisutu, jozi ya kanga za harusi. "Mpeni aliyeokoa shughuli yangu. Mmoja tu. Doti ya harusi siigawi."

Sikudhani akamtaja Riziki. Riziki akamtaja Sikudhani: "Huyu ndiye aliyenisafisha jina." Kisha akaongeza, "Na huyu dada, kuja barazani kwangu vile si kazi ndogo."

Chausiku hakuinua macho. Programu aliifuta yeye, na jina la mwenzake alilichafua yeye. Akiipokea doti, ni aibu ya pili. Akiikataa, ataonekana anajinyenyekeza ili asifiwe.

Doti iko mezani. Wewe uliyesikia yote, ungemkabidhi nani? Na Chausiku, ungemhesabu miongoni mwa waliookoa shughuli au ungemtoa?