Mama Aliyebaki Magotini

Wapendwa, funikeni vitabu kidogo mnisikilize. Alikuwepo mama mmoja mjane, mshonaji, hana wa kusema naye nyumbani ila cherehani yake. Aliugua tumbo la kuharisha, akapona. Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatatu, nyayo zote mbili zikafa ganzi. Jumatano ndala zikamtoka miguuni njiani asihisi. Alhamisi miguu ikashindwa kukanyaga cherehani. Akamwambia jirani. Jirani akacheka: "Uzee huo, mama. Pumzika." Haya, akapumzika, na ganzi ikapanda mpaka magotini.

Ijumaa akajikongoja hadi kwenye maombi ya mchana. Akapiga magoti kama wenzake. Ikaitikiwa amina, watu wakainuka. Yeye akajaribu, miguu ikagoma. Akaita, sauti ikatoka nyembamba, pumzi fupi.

"Msimguse," mzee wa kanisa akanong'ona. "Roho amemshukia. Mwacheni na Bwana wake."

Jamani, wakapita kwa kunyata, kwa heshima kabisa! Mmoja akamfunika kanga mabegani. Mlango ukarudishwa taratibu. Mama akabaki anaitazama sakafu, machozi yanamtoka na mikono imelegea, hawezi hata kuyafuta. Upweke wa nyumbani alikwisha kuuzoea. Huu wa nyumbani mwa Mungu ulimuuma mno.

Akaingia mfagiaji na ndoo yake, kibarua tu, wala hakuwa akisali pale. Akainama akamtazama usoni.

"Mama, unaomba, au umeshindwa kuinuka?"

"Nimeshindwa, mwanangu. Miguu ina ganzi tangu Jumatatu."

Mfagiaji akatupa ufagio, akakimbia kutafuta gari. Hospitalini daktari akamgonga goti kwa kinyundo, mguu haukushtuka hata kidogo. "Mishipa ya fahamu imevimba," akasema. "Ganzi na udhaifu vikianzia miguuni, pande zote mbili, vikapanda upesi hivi, hakuna kungoja. Vikifika kifuani, vinakata pumzi." Usiku huo vilifika. Mashine ikampumulia wiki tatu, na ilimchukua mwaka kutembea tena.

Je, wale waumini walikuwa wabaya? Hata! Walimwona vizuri sana, wakamheshimu, wakamwacha peke yake afe. Sisi nasi ni mabingwa wa kutafsiri shida ya mtu bila kumuuliza mwenyewe.

Leo, wimbo wa pili, tulisimama wote isipokuwa mmoja. Mlimwona, nami nilimwona. Nani kati yetu amemuuliza kwa nini?

Basi amina yangu naishikilia kwanza. Nendeni mkamuulize.