Sange Atafuta Ukoo kwa Miguu ya Fisi

"Paukwa."
"Pakawa."
"Pakawa nani?"
"Pakawa Sange."
"Wa ukoo gani?"
"Hatujui."
Na yeye mwenyewe hakujua. Basi sogeeni.

Sange ni mdogo kama panya, ila ana pua ndefu inayocheza muda wote, fyu-fyu-fyu. Panya walimwambia, "Pua hiyo si yetu." Sungura wakamwambia, "Masikio hayo si yetu." Akili anazo, mdomo anao, wa kumuuliza ameamkaje hana. Upweke ulimuuma, nisiwafiche.

Siku moja Fisi akamdaka, kacha.

"Leo nakula," Fisi akasema.

"Kula. Ila mimi tonge moja tu. Tafuta ukoo wangu, utule sote."

Mate yakamdondoka Fisi, to, to, to. Akambeba Sange mgongoni, mbio hadi kwa Nguchiro.

"Hodi. Huyu ni wenu?"

"Si wetu," wakajibu kutoka shimoni.

Mbio hadi kwa Nungunungu.

"Hodi. Huyu ni wenu?"

"Si wetu."

Kila "si wetu" ilimchoma Sange moyoni. Lakini akasema, "Twende mbele, bwana. Nyuma ya kichaka kile nasikia kuna wanene."

Fisi akapiga mbio na tamaa yake. Nyuma ya kichaka, ndi, ndi, ndi, akatokea Tembo.

Sange akainua pua. "Shikamoo, mjomba."

Tembo alilelewa vizuri, akaitikia kabla hajatazama. "Marahaba, mpwa wangu."

Ndipo akatazama. Lakini marahaba ikishatoka hairudishwi.

"Fisi, unampeleka wapi mpwa wangu?"

"Nilikuwa... namsindikiza."

"Umemfikisha. Mteremshe."

Fisi akamteremsha, akatimka, pu-pu-pu, na njaa yake ile ile.

Tembo akainama. "Sema kweli. Wewe ni wetu?"

"Sijui, mjomba. Lakini umeniitikia."

Tembo akaitazama ile pua, fyu-fyu-fyu. Akatikisa mkonga wake, fyuuu.

"Umekula?" akauliza.

Sange hakuwahi kuulizwa hivyo. Akalia kidogo, kisha akala sana.

Hadithi imefika kwao, nasi twende kwetu. Funzo lake, wanangu: ukitaka kujijua wewe ni nani, mtafute anayetaka kukula, upande mgongoni kwake. Akikutafuna njiani, basi hukuwa Sange.