Chiriku na Kibali cha Ndoto

Jamani, hadithi!
— Na ije, tumekaa kitako!
Ije kwa miguu?
— Ije kwa mabawa!

Basi alikuwepo Chiriku, ndege mdogo mwenye maneno mengi. Kila asubuhi alizunguka bonde akipasha habari. Chi-ri-ri, nyasi zimeota kilimani! Chi-ri-ri, Chui yuko kichakani! Wanyama walimsikiliza kwanza, ndipo wakatoka.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka miti ikaonekana kama inaelea hewani. Mto ukakauka. Chiriku akaruka, akaruka, akaruka mpaka chemchemini kilimani, mto unakoanzia. Akamkuta Bwana Kiboko ameziba mdomo wa chemchemi kwa tumbo lake, anakunywa peke yake, gubu, gubu, gubu.

"Wewe!" Kiboko akamwahi. "Una kibali?"

"Kibali cha nini, mzee?"

"Cha kupasha habari. Kuanzia leo, asiye na muhuri wangu wa tope bawani asitangaze. Akitangaza, namkanyaga."

"Basi nipigie muhuri."

"Muhuri ninao. Nia ndiyo sina."

Chiriku akarudi bondeni kimya. Mtoto wa Digidigi alikuwa amelala chini, ulimi nje.

"Dada Chiriku, leo hakuna habari?" mama yake akauliza.

Chiriku akageuka, akaruka zake. Akamweleza Korongo, mgeni aliyezunguka nchi nyingi.

"Ajabu," Korongo akasema. "Kwa Tembo, kibali hupewa mkunga, maana mkono wake ukikosea, mtu anakufa. Mpasha habari akikosea husutwa, akajirekebisha. Kwa Mamba ndiyo kama hapa. Wapasha habari wote wana muhuri, na wote wanasema Mamba ni mpole."

Kulipokucha, Chiriku akapaza sauti: "Chi-ri-ri! Sina habari, nimeota tu! Nimeota mlima wa nyama umekalia chemchemi yetu!"

Wanyama wakatazamana. Wakapanda kwenda kuitazama ndoto.

Kiboko akanguruma. "Si nilikukataza?"

"Ulikataza habari, mzee. Ndoto je?"

Kiboko akafikiri, na kwake kufikiri ni kazi nzito. "Na ndoto ziwe na kibali! Nitazikagua zote mwenyewe!"

"Vyema. Ila ndoto hukaguliwa usingizini, na kwenye maji baridi usingizi hauji. Pale kivulini, kwenye majani laini..."

Kiboko hakutaka hata ndoto moja impite. Akainuka, akajitupa majanini, bwatuu! Chiriku akamwimbia polepole, polepole, mpaka akaanza kukoroma, khorrr, khorrr.

Na maji yakatoka, shwaaa! Yakateremka bondeni yamebeba mawingu na rangi ya mbingu, na Chiriku aliyekuwa akiyafuata kwa juu hakujua tena kama anaruka au anaota. Mtoto wa Digidigi akainua kichwa. Akanywa. Hapo Chiriku akajua yuko macho.

Kiboko alipoamka, akakuta Nyati na ndugu zake wamesimama chemchemini bega kwa bega, na ndege wengine nao wanapasha habari kila tawi.

"Nani amewapa kibali?"

"Wewe, mzee," Chiriku akasema. "Ndotoni. Umepiga mihuri mpaka tope likaisha."

Kiboko akajaribu kukumbuka ndoto yake. Hakukumbuka kitu. Akawatazama Nyati, akatazama pembe zao, akakohoa.

"Ah, kweli," akasema. "Nilikuwa mkarimu sana."

Hadithi imekunywa, imeshiba, imeruka zake. Funzo ni hili, wanangu: msitamke neno bila kibali cha mkubwa. Na mkienda kumwomba, nendeni akiwa amelala fofofo.