Hodi ya Tatu

Nyamazeni kidogo, niwape ya kale. Kijana yatima, Shekue, alipiga hodi kila nyumba kijijini, hata kwa shangazi yake, asikaribishwe. Akapiga hodi pangoni kwa mazimwi.

"Karibu, ndugu yetu," wakamjibu, wakamsogezea sinia. Akala huku akilia.

Kisha wakamvika ngozi ya zimwi. Wakavamia zizi, wakavamia ghala, wakavamia nyumba, hata watu wakawa wanafunga milango mchana kweupe.

Shekue akachoka, lakini ngozi ilikwisha kumganda. Akaenda kwa shangazi yake.

"Hodi." Kimya. "Hodi, shangazi." Kimya. "Hodi, ni mimi Shekue."

"Usiitike," shangazi akamnong'oneza mwanawe. "Ni wao."

Hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni huondoka. Shekue akarudi pangoni, na kabla hajafungua mdomo akasikia, "Karibu, ndugu yetu."

Ngano yangu imeishia mlangoni. Nanyi mkisikia hodi, itikieni ile ya kwanza.